Seva ya Hifadhi Nyumbani na Usalama wa Data za Fasihi Simulizi

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi hurejea kutoka nyanjani akiwa na mali isiyouzwa dukani. Ngano, nyimbo na mawaidha aliyoyarekodi yamo katika kadi ya kumbukumbu inayotoshea kwenye ukucha wa kidole gumba. Kitabu kikipotea, hununuliwa kingine; fanani akishafariki, hawezi kuombwa asimulie tena. Hata hivyo, rekodi hizo aghalabu huishia katika kipakatalishi kimoja, flashi mbili tatu na simu, bila mpangilio wala ulinzi.

Makala haya yanaeleza namna mtafiti wa aina hiyo anavyoweza kuteua na kutumia seva ya hifadhi nyumbani. Hoja kuu inayoshikiliwa ni kwamba seva hurahisisha uhifadhi, ila haitoi usalama peke yake. Usalama umo katika nakala nyingine iliyo mahali pengine.

2.0 Dhana ya Seva ya Hifadhi

Seva ya hifadhi ni tarakilishi ndogo yenye nafasi ya kutilia diski moja au zaidi, ambayo huunganishwa na ruta ya nyumbani. Kila kifaa kilichoruhusiwa katika mtandao huo huweza kusoma na kuandika faili humo. Inatofautiana na diski ya nje, ambayo kwa kawaida hutumikia tarakilishi moja kwa wakati mmoja na ni rahisi kuangushwa au kusahauliwa garini. Inatofautiana pia na hifadhi ya wingu, ambapo faili hukaa katika mitambo ya kampuni na nafasi ikizidi kiwango cha bure hulipiwa ada. Seva ya nyumbani huendelea kufanya kazi hata intaneti inapokatika.

Seva hupatikana kwa njia mbili. Kwanza, hununuliwa ikiwa tayari, kama zile za kampuni za Synology na QNAP za Taiwan. Pili, tarakilishi kuukuu ya mezani huwekewa programu huria kama vile OpenMediaVault. Njia ya pili hupunguza gharama ya kuanzia, lakini hudai ujuzi zaidi na mara nyingi hula umeme mwingi zaidi.

3.0 Vigezo vya Uteuzi

3.1 Ukubwa wa Hifadhi

Mnunuzi aanze kwa hesabu, si kwa bei. Rekodi ya sauti isiyobanwa, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na mikondo miwili, huchukua baiti 288,000 kila sekunde, yaani takriban gigabaiti 1 kwa saa. Saa 200 za masimulizi zitahitaji gigabaiti 207 hivi. Video ya megabiti 25 kwa sekunde huchukua zaidi ya gigabaiti 11 kwa saa, na saa 200 hizo hizo hupita terabaiti 2. Basi anayerekodi sauti pekee hutosheka na terabaiti 1 au 2, ilhali anayepiga video afikirie 4 au zaidi.

3.2 Idadi ya Diski

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala kuhusu mpango wa kuunganisha diski nyingi za bei nafuu, unaojulikana kama RAID. Katika kiwango cha 1 cha mpango huo, diski mbili huandikwa mambo yale yale, hivyo moja ikiharibika nyingine huendelea. Diski mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4 tu. Kiwango cha 5 huhitaji angalau diski tatu na hustahimili kuharibika kwa moja. Kwa mwanafunzi, diski mbili pacha zinatosha.

3.3 Mtandao na Umeme

Ruta ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha megabaiti 12.5 tu kila sekunde. Kunakili terabaiti 1 kwa kasi hiyo huchukua saa 22 hivi. Kwa waya na ruta ya gigabiti 1, kazi hiyo huchukua zaidi kidogo ya saa 2.

Kuhusu umeme, kifaa kinachotumia wati 20 usiku na mchana humaliza yuniti 14.4 kwa siku 30. Lililo zito zaidi ni stima kupotea ghafla wakati seva inaandika, kwani faili huweza kuharibika. Betri ya dharura inayoweza kuiarifu seva ijizime taratibu ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

4.0 Matumizi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila faili ipewe jina lenye tarehe, mahali, utanzu na nambari, kwa mfano 2024-03-12_Lamu_ngano_01. Rekodi asilia iwekwe katika folda isiyoweza kubadilishwa, na unukuzi ufanywe kwa kutumia nakala yake.

Kila mtumiaji awe na akaunti na nywila yake, na programu za seva zisasishwe mara kwa mara. Muhimu zaidi, seva isiachwe wazi kwa intaneti. Mnamo Juni 2021, wamiliki wengi wa vifaa vya My Book Live vya Western Digital walikuta data zao zimefutwa kutoka mbali. Januari 2022, programu haribifu iitwayo DeadBolt ilifunga faili katika seva za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti, na wenyewe wakadaiwa kikombozi kwa Bitcoin.

Wajibu huu ni wa kisheria pia. Sauti na jina la msimulizi ni data za mtu binafsi, na nchini Kenya data hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

5.0 Diski Pacha si Nakala

Wengi hukosea hapa. Diski pacha hulinda dhidi ya kuharibika kwa diski moja tu. Faili ikifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba seva, huzibeba zote. Moto nao hauchagui.

Kanuni inayopendekezwa ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vihifadhi viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Rekodi zikiwa katika kipakatalishi na katika seva, nakala ya tatu yaweza kuwa katika diski ya nje iliyowekwa kwa mzazi au jamaa, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Busara hii si ngeni kwa Waswahili. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tendi nyingi kwa mkono kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na baadhi ya hati hizo zimehifadhiwa London hadi leo. Nakala iliyosafiri ikawa ukumbusho wa kazi iliyoanzia pwani.

Aidha, nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Kila mwezi, faili chache zifunguliwe kutoka katika diski ya akiba na kusikilizwa.

6.0 Hitimisho

Uteuzi wa seva hutegemea hesabu ya data, diski, mtandao na umeme, lakini thamani yake huamuliwa na desturi za mtumiaji. Mtafiti ambaye fedha zake hazitoshi asivunjike moyo: diski mbili za nje zilizowekwa katika nyumba mbili humlinda kuliko seva moja ya fahari isiyo na nakala. Inasemwa kwamba akiba haiozi. Akiba ya data huoza isipotazamwa, na ikishaoza, sauti iliyomo hairudi.