SOMO LA MWEZI: JUMAMOSI MOJA SHAMBANI

Soma: Nehemia 2:11–18, Nehemia 3:1–12 na 27, 1 Wakorintho 3:6–9



Wengi wetu tunaikumbuka Jumamosi ile tulipokwenda kusaidia katika shamba la jumuiya hapa mjini, lile la bondeni, ambalo mboga zake hupelekwa kwa wajane na wagonjwa. Tulikuwa watu 40: akina mama, vijana, wazee wa kanisa na watoto wa Shule ya Jumapili. Tuliimba njiani, tukalima kwa nguvu mpaka adhuhuri, tukala, tukapiga picha, tukasali, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Jumatatu mama msimamizi alikuta haya. Matuta mawili ya mchicha mchanga yameng'olewa pamoja na magugu, kwa kuwa tuliopalilia hatukujua kutofautisha. Kitalu cha kabichi kimetiwa samadi mbichi ya kuku, na miche imeungua. Matuta mengine yamekanyagwa mpaka udongo umeshikana. Mama yule hakutugombeza. Alisema tu kwamba laiti tungalimwuliza. Kisha akashika jembe, akaanza kusia upya peke yake. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne tangu kusiwa. Basi msaada wetu wa asubuhi moja uliwanyima wenye haja mboga kwa karibu mwezi mzima.

Hatuandiki haya ili kumwaibisha mtu. Sisi tunaoandika tulikuwamo, na majembe yetu yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoharibu. Twaandika kwa sababu nia njema haitoshi, na Neno la Mungu linatufundisha jinsi watu wengi wanavyoweza kufanya kazi moja bila kuiharibu. Tumtazame Nehemia, aliyeujenga upya ukuta wa Yerusalemu.

1. Nehemia aliangalia kwanza

Alipofika Yerusalemu Nehemia alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache. Alizunguka akiangalia mahali palipobomoka na malango yaliyoteketea. Ni baada ya hapo tu ndipo alipowaita watu wajenge.

Sisi tulifanya kinyume: tuliita watu kwanza, wala hatukuangalia. Ilitupasa kutuma wawili watatu siku chache kabla, wakamwulize msimamizi: Kuna kazi gani wiki hii? Inahitaji watu wangapi? Tuje na vyombo gani? Kitu gani kisiguswe? Mwenye kulihudumia shamba kila siku ndiye anayelijua. Kumwuliza ni heshima yake, tena ni unyenyekevu kwetu.

2. Kila kundi lilikuwa na sehemu yake

Sura ya tatu ya Nehemia wengi huiruka, wakiona ni orodha ya majina tu. Lakini tazameni walio katika orodha ile: makuhani, wafua dhahabu, watengenezaji wa marhamu, na Shalumu pamoja na binti zake. Wengi wao ujenzi haukuwa kazi yao ya kila siku. Hata hivyo kila mmoja alijua sehemu yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na ni nani aliye karibu naye.

Shambani ni vivyo hivyo. Watu 40 wasiingie katika tuta moja. Wagawanywe watano watano au sita sita, na kila kundi liwe na mtu mmoja anayeijua kazi. Tuta la mboga hufanywa lenye upana wa kama mita moja, ili anayesimama njiani afikishe mkono katikati bila kukanyaga. Udongo ukikanyagwa hushikana, na mizizi hukosa hewa na maji. Asiyejua kutofautisha mchicha na magugu asipewe palizi. Achote maji, alete majani ya matandazo, atengeneze ua. Samadi iachwe mpaka iive. Miche ipandikizwe jioni, jua linapopoa. Hakuna kazi ya aibu hapo, maana aliyebeba mawe ya ukuta ule naye aliujenga.

3. Watekoi walirudi

Katika mstari wa 5 twasoma habari za watu wa Tekoa. Wakuu wao walikataa kutia shingo zao kazini, lakini watu wenyewe walijenga. Tena katika mstari wa 27 twawakuta watu hao hao wameshika sehemu ya pili! Ukuta ulimalizika kwa siku 52 kwa sababu ya watu wa namna hiyo.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulishika jembe siku ya kwanza, na siku ya tatu hatukuonekana. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1974, wakati wa ukame, ilipopigwa mbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini nao wakahimizwa kulima. Wanajua kwamba mbiu huita watu, lakini haipalilii. Mboga zahitaji maji asubuhi na jioni, Jumanne kama Jumamosi.

Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali Mungu ndiye aliyekuza. Basi anayemwagilia siku ambayo hakuna anayemwona si mdogo kuliko sisi tuliokuja na nyimbo.

Tufanye nini sasa?

Twapendekeza kwamba badala ya watu 40 kwenda siku moja, waende wanane kila Jumamosi, kwa Jumamosi tano, kisha zamu ianze tena. Kundi la kwanza lichukue mbegu za kufidia zilizopotea, liende kwa mama msimamizi, limwombe radhi kwa niaba yetu sote, na kumwuliza: Mama, leo tuanzie wapi?

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Je, umewahi kumsaidia mtu bila kumwuliza haja yake? Ikawaje?
2. Ni nani katika mtaa wetu anayefanya kazi kila siku bila kuonekana? Tumtieje nguvu?
3. Wewe utaandikisha jina lako kwa Jumamosi ipi?

Tuombe

Ee Bwana, mwenye shamba na mwenye mavuno, utusamehe haraka yetu na kujiona kwetu. Utupe macho ya kuangalia, masikio ya kusikia, na miguu ya kurudi tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.