Kichungi, tumbaku ya nyumbani na bei ya pakiti

Wauza sigara wengi wa Kirumba, Mwaloni na kandokando ya kivuko cha Kamanga hudhani kwamba bei ya pakiti hupangwa na kiwanda peke yake. Sivyo. Jinsi sigara ilivyotengenezwa huamua ushuru wake, na ushuru husukuma bei.

Tuchukue ushuru wa bidhaa wa mwaka wa fedha 2017/18. Sigara elfu moja zisizo na kichungi, zenye angalau asilimia 75 ya tumbaku ya hapa nchini, zilitozwa Sh. 12,447. Zenye kichungi na kiwango hicho hicho cha tumbaku ya nyumbani, Sh. 29,425. Nyingine zote, Sh. 53,235. Kwa pakiti ya sigara 20, hiyo ni kama Sh. 249, Sh. 589 na Sh. 1,065.

Mpango huo unampendelea mkulima wa Tabora na Kahama. Lakini unampa mvutaji ngazi ya kuteremkia. Mchuuzi wa dagaa anayevuta sigara 10 za daraja la juu kwa siku, bei ikimshinda, si lazima aache. Huenda akahamia daraja la kati. Kwa viwango hivyo Hazina inakosa Sh. 238 kila siku kwa mtu mmoja, na kifua chake hakipati nafuu. Kichungi hakiifanyi sigara kuwa salama, ingawa wateja wengi wanaamini hivyo.

Kwa hiyo mwenye hisa za TCC, kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2000, asitazame idadi ya sigara zilizouzwa tu. Aulize zimeuzwa za daraja gani.

Ng'ambo ya ziwa mambo ni makali zaidi. Sheria ya Uganda ya 2015 ilipiga marufuku tumbaku yenye ladha na kutaka onyo lichukue asilimia 65 ya pande kuu za pakiti. Kenya ilikataza kuuza sigara moja moja kwa sheria ya 2007. Pakiti halali Mwanza yaweza kukamatwa Port Bell, na mtaji ukaishia hapo. Kwa upande wetu, stempu za kielektroniki zilianza kubandikwa kwenye sigara mwaka 2019. Ukiletewa katoni ya bei ya kutupa isiyo na stempu, mrudishie mwenyewe kabla hujafungua pochi.