Jasho Ndilo Linalomgandisha Mwindaji

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin, Marekani, huja mwezi Novemba, na sehemu kubwa ya uwindaji huo ni kukaa kimya. Mwindaji hupanda dungu lililofungwa mtini kabla ya mapambazuko, akakaa saa nyingi bila kujinyoosha, akimsubiri kulungu wa mkia mweupe apite. Mwili uliotulia hivyo hutoa joto kidogo. Kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na yaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Asiyeizoea baridi hiyo, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioweka makazi huko, huvaa kila alichonacho tangu nyumbani, kisha akatembea nacho hadi porini. Anafika kalowa jasho. Akishaketi tu, nguo mbichi inaanza kumnyonya joto, na koti liwe la bei gani halitamfaa.

Kwa hiyo tembea na nguo chache, hata kama dakika za mwanzo utahisi baridi. Koti zito na suruali ya nje vibebe kwenye begi. Ukifika, simama chini ya mti, fungua zipu, acha mwili upoe. Fulana ikiwa imelowa, ibadilishe papo hapo. Uchungu wake ni wa dakika moja. Ndipo uvae mazito. Kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa, usikivue njiani: sheria za majimbo yote mawili zinakidai msimu wa bunduki, na ndicho kinachomwonyesha mwindaji mwenzako kwamba wewe ni mtu.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Pamba hushika maji na haikauki upesi. Jinzi nazo ni pamba. Vaa sufu laini au poliesta. Juu yake sweta nene ya sufu, na nje kabisa kitu cha kuzuia upepo. Kila vazi lilipite la ndani kwa ukubwa kidogo, maana hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayohifadhi joto.

Miguu ndiyo humshusha mwindaji mtini mapema kuliko kitu kingine. Wengi huongeza soksi ya tatu, buti likabana, damu ikashindwa kufika vidoleni, na mguu ukazidi kuganda. Soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu zatosha, ndani ya buti ambalo vidole vinacheza. Kama una fedha za kununua kitu kimoja kizuri, nunua buti lenye bitana ya kutolewa, na kila usiku itoe ikauke. Tandika kipande cha sponji chini ya nyayo na kingine kwenye kiti, kwa kuwa chuma cha dungu hunyonya joto bila kukoma.

Mikononi, vaa glavu nyembamba za kufyatulia, kisha uiingize mikono katika mfuko mnene unaofungwa kiunoni. Vile vipakiti vya kupasha joto vina unga wa chuma unaohitaji hewa ili uwake. Ukivibana ndani ya buti vinazimika. Usivilaze juu ya ngozi tupu.

Jaribu mavazi yote nyumbani, mkanda wa kuzuia kuanguka ukiwa juu yake, na uinue bunduki ikiwa haina risasi uone kama kitako kinanasa kwenye koti.

Wala usiiamini asubuhi yenye joto. Tarehe 11 Novemba 1940 ilianza kwa hali nzuri, wawindaji wa bata wakaenda mtoni Mississippi na nguo nyepesi. Dhoruba ya theluji ikawakuta huko, na wengi hawakurudi.

Pombe iache kambini, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kulimwaga joto la mwili. Beba chai ya moto. Ukianza kutetemeka bila kujizuia, au vidole vikishindwa kufunga zipu, shuka mara moja, hata kama kulungu yuko karibu. Na mwenzako akiacha kutetemeka ilhali maneno yanamkwama, usidhani amepata nafuu: mfunike, mwondoe kwenye upepo, upige simu 911.