SOMO: MTOTO WA KIISLAMU NA DARASA LA MUZIKI

Ndugu wazazi mlio kandokando ya Washington, wanavyuoni wetu wamezikataza ala za muziki, na miongoni mwa dalili ni aya ya 6 ya Surat Luqman, ambayo Ibn Mas'ud aliifasiri kuwa ni kuimba. Basi mtoto afanyeje skuli?

Kwanza, asijitie ugonjwa wala asitoroke darasa. Kuhusu muziki wako wanavyuoni waliokhitilafiana. Kuhusu uwongo hakuna khitilafu.

Pili, mzazi amwandikie mwalimu mkuu kwa adabu, aombe kazi nyengine badala yake. Tarehe 27 Juni 2025 Mahkama ya Juu ya Marekani iliwapa wazazi wa Montgomery, Maryland, Waislamu na Wakristo, haki ya kuarifiwa na kuwatoa watoto wao katika masomo ya baadhi ya vitabu vya hadithi, wakati kesi yao ikiendelea. Kesi haikuhusu muziki, lakini yaonesha kuwa ombi la dini lina uzito.

Tatu, sekondari za Maryland zinashurutisha somo moja la sanaa, si lazima muziki. Achague kufinyanga vyombo au kuchora maua.

Na mtoto aelezwe sababu, ili ajizuie kwa imani, si kwa kumwogopa baba. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.