Dondoo muhimu: Kompyuta ikigoma kuwaka

Mang'ula si mbali na bwawa la Kidatu lenye mitambo ya megawati 204, lakini umeme hukatika huku pia. Kompyuta ikizimika ghafla, faili za kuwashia huweza kuharibika. Kabla hujaipeleka kwa fundi Ifakara:

1. Chomoa flashi na diski za nje, kisha washa upya. Huenda mashine inatafuta mfumo endeshi kwenye flashi isiyo nao.
2. Ingia BIOS (mipangilio ya kuwashia) kwa kubonyeza F2, Del au Esc mashine inapowaka. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, badilisha betri ya ubao mama. Nyingi ni CR2032 ya volti 3.
3. Humo kwenye BIOS, weka diski yenye mfumo endeshi iwe ya kwanza. Isipoonekana kabisa, kagua waya wake, huenda imekufa.
4. Diski ipo, Windows haipandi? Washa kwa flashi ya Windows, uchague kukarabati, si kusakinisha upya.
5. Linux ikiishia "grub rescue", washa kwa flashi ya Linux, urudishe GRUB, programu inayoiwasha Linux.

Usikubali diski ifutwe kabla mafaili hayajanakiliwa. Kompyuta ya mezani inunulie UPS, isizimike ghafla umeme ukikatika.