Kazi Isiyo na Mteja Mbele Yako: Pa Kuitafuta na Namna ya Kuipata

Kazi tunazozifahamu vizuri ni zile ambazo tumewahi kuhudumiwa. Tangu utotoni tumemwona muuza duka, kondakta, mwalimu, muuguzi, keshia wa benki na wakala wa miamala ya simu. Kijana akimaliza shule na kuulizwa atafanya kazi gani, huchagua ndani ya orodha hiyohiyo, na karibu kila kazi iliyomo ina mteja. Kumbe nyuma ya duka la dawa kuna bohari, nyuma ya daktari kuna maabara, nyuma ya gazeti kuna mtambo wa uchapaji, na nyuma ya ofisi ya utumishi kuna masjala. Wanaofanya kazi huko hatuonani nao, ndiyo maana hatuwafikirii.

Makala haya yanamhusu mtu aliyechoshwa na kaunta, au anayejijua mapema kuwa kaunta haimfai. Ndugu watamwambia mchagua jembe si mkulima. Lakini huyu hakimbii kazi. Wapo watu ambao ukiwaachia mashine, daftari au sampuli watatulia nayo hadi jioni bila kukosea, na haohao wakiwekwa dirishani kutabasamu kutwa nzima wanarudi nyumbani hoi. Ushauri wangu kwao ni mmoja: kabla ya kufikiria kubadili fani, fikiria kubadili nafasi ndani ya fani uliyonayo.

Jua kwanza kinachokuchosha

"Sitaki kazi ya wateja" ni kauli inayoficha mambo mengi. Mmoja huchoshwa na kupatana bei. Mwingine huumizwa na lawama za makosa yasiyo yake: mtandao umekatika, naye wakala ndiye anayetukanwa. Wa tatu hana tatizo na mazungumzo, ila anakosa usingizi kwa sababu ya malengo ya mauzo ya kila mwezi. Wa nne hawezi kelele na foleni, na wa tano huishiwa nguvu kwa kukutana na sura mpya kila dakika.

Kila mmoja ana dawa yake. Anayesumbuliwa na malengo ya mauzo anaweza kufaa kabisa kwenye kazi ya huduma yenye mshahara usiotegemea mauzo. Anayechoshwa na sura mpya anaweza kustawi akiwa na wateja wachache wa kudumu. Asiyeweza kelele asikimbilie kiwandani, kwa sababu mashine nazo hupiga kelele. Kwa wiki mbili, kila unaporudi nyumbani umechoka, andika ni tukio gani hasa lilikuchosha. Orodha hiyo itakusaidia kuliko ushauri wa jumla wa mtu yeyote.

Kumbuka pia kwamba kazi isiyo na mteja bado ina watu. Utakuwa na msimamizi, wenzako wa zamu, na mtu wa idara ya jirani anayesubiri ulichofanya. Tofauti ni kwamba hao wanaijua kazi, mnaonana kila siku, na mkikwaruzana leo kesho mnayamaliza. Na kama hofu ya watu imefikia hatua ya kukuzuia kutoka nje, kupokea simu au kwenda sokoni, hilo ni suala la afya, na kubadili kazi peke yake hakutalimaliza. Anzia hospitali, uonane na mtaalamu wa afya ya akili.

Maswali matatu ya kuipima kazi

Jina la cheo hudanganya, basi ipime kazi kwa maswali haya.

1. Kazi inakufikiaje? Kama inakuja kwa karatasi, oda, ratiba au maelekezo ya msimamizi, mteja yuko mbali. Kama inakuja na mtu amesimama mbele yako au anapiga simu, mteja yupo hata kama tangazo halikumtaja.
2. Ikiharibika, nani anakuja kulalamika? Fundi wa kiwandani ataitwa na mkuu wa karakana. Fundi wa mtaani atafuatwa na mwenye gari.
3. Je, kipato chako kinategemea kumshawishi mtu? Ukisikia kamisheni, hiyo ni kazi ya mauzo, iitwe vyovyote iitwavyo.

Fani ileile, nafasi tofauti

Chukua fundi umeme. Akifunga nyaya za majumbani, nusu ya kazi yake ni kuelewana na wenye nyumba kuhusu gharama. Akiajiriwa kutunza mitambo ya kiwanda cha saruji au cha sukari, anapokea karatasi ya matengenezo na kushughulika na mota. Fundi cherehani wa mtaani anapima watu na kusikiliza manung'uniko ya sikukuu, wakati mwenzake wa kiwanda cha nguo anapokea vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Dereva wa bodaboda anabeba abiria, dereva wa folklifti anabeba mizigo ndani ya ghala. Mpishi yuko jikoni, mhudumu yuko mezani.

Ndivyo ilivyo hata kwa wasomi. Mhasibu anaweza kukaa dirishani akipokea malipo, au chumba cha ndani akisuluhisha hesabu za benki. Mfamasia anaweza kuhudumia wagonjwa dukani, au kufanya kazi kwenye kiwanda cha dawa au katika Bohari ya Dawa (MSD). Hata ndani ya hospitali, anayetakasa vifaa vya upasuaji hakutani na wagonjwa kama anayekaa mapokezi.

Kwa hiyo njia ya karibu huenda iko hapohapo unapofanya kazi. Kama ni muuzaji wa duka kubwa, ulizia nafasi za stoo, upangaji wa bidhaa au uhakiki wa mali. Mwajiri anayekufahamu kuwa mwaminifu atakubali kukuhamisha upesi kuliko mgeni atakavyokubali kukuajiri.

Maeneo ya kutazama, na mafunzo yake

*Viwanda na karakana.* Umeme wa viwandani, uchomeleaji, ufundi wa mitambo, majokofu na viyoyozi, uchapaji: fani hizi hufundishwa katika vyuo vya ufundi stadi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na haimhusu kijana aliyetoka shule peke yake. Aliyejifunza ufundi mtaani bila cheti anaweza kuomba kupimwa na kutambuliwa ujuzi wake kupitia utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa fundi wa gereji anayetaka kuingia karakana ya kampuni ya malori, cheti hicho kinaweza kumfungulia mlango.

*Bohari na maghala.* Mtunza stoo hupokea, huhesabu, hupanga na kutoa mali kwa hati. Ni kazi ya umakini, kwa sababu kinachopungua ghalani kitaulizwa kwake. Anayetaka kupanda ngazi hufanya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB). Lakini tahadhari: upande wa ununuzi una wazabuni, na wazabuni wana maneno kuliko wateja. Anayetafuta utulivu ajikite upande wa bohari.

*Maabara.* Maabara za hospitali, viwanda vya vyakula, mamlaka za maji na taasisi za utafiti zote zinahitaji wapimaji. Maabara za afya zina masharti ya usajili kwenye baraza la taaluma, hivyo kabla ya kulipa ada hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Uliza pia nani anachukua damu. Kwenye kituo kidogo cha afya, mpimaji huyohuyo ndiye anayemchoma mgonjwa sindano. Kwenye hospitali kubwa kazi hizo mara nyingi zimegawanywa.

*Masjala na kumbukumbu.* Kila wizara, halmashauri na mahakama ina majalada ya kuandikisha, kupanga na kutafuta. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania (TPSC) hufundisha utunzaji wa kumbukumbu. Wanaokuja dirishani ni maofisa wa ndani wanaotaka faili, si umma.

*Misitu, nyuki na hali ya hewa.* Chuo cha Misitu Olmotonyi kiko Arusha, Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko Moshi, cha ufugaji nyuki kiko Tabora, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ina chuo chake Kigoma. Vituo vya hali ya hewa huchukua vipimo mchana na usiku, kwa saa zilizopangwa. Misitu nayo ina upweke wake, lakini ofisa anayesimamia hifadhi hukutana na wanavijiji wenye mifugo na wachoma mkaa, na mazungumzo hayo si mepesi.

*Kompyuta.* Uingizaji wa takwimu, utunzaji wa seva na uandishi wa programu ni kazi za ndani ukiwa umeajiriwa. Ukifanya kwa kujitegemea, mteja anarudi kwa njia ya ujumbe wa simu, tena saa 5 usiku.

Kujiajiri bila kuuza

Vijana wengi huambiwa wajiajiri, na ushauri huo husahau kuwa mwenye biashara ndiye muuzaji wa kwanza. Hata hivyo kuna njia za kupunguza mzigo huo. Ya kwanza ni kutengenezea muuzaji mmoja: seremala anayepeleka meza kwa mwenye duka la samani anakutana na mtu mmoja badala ya wanunuzi hamsini. Bei itakuwa ndogo kuliko ya rejareja, na hiyo ndiyo gharama ya utulivu. Ya pili ni ubia, mmoja atengeneze na mwingine auze, kwa makubaliano ya maandishi kuhusu mgawo. Ya tatu ni kuuza kupitia ushirika. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, na mauzo hufanyika kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Yeye hapatani na mnunuzi, ingawa analazimika kuhudhuria mikutano na kufuatilia malipo yake.

Soma tangazo hadi sehemu ya majukumu

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huorodhesha majukumu ya kila nafasi, nawe huomba kupitia Ajira Portal. Zingatia vitenzi. Kupanga, kukagua, kupima, kuhesabu na kutunza ni vitenzi vya kazi za ndani. Kuhamasisha, kupokea malalamiko, kutafuta masoko na kutoa elimu kwa umma vinamaanisha utakuwa na watu.

Matangazo ya binafsi yanahitaji jicho kali zaidi. "Ofisa maendeleo ya biashara", "balozi wa bidhaa" na "ofisa mahusiano" mara nyingi ni wauzaji. Tangazo linalosema uzoefu hauhitajiki, uwe na simu janja na uwe tayari kutembea, linatafuta mtu wa kuzunguka na bidhaa. Na kama kabla ya usaili unadaiwa hela ya fomu, ya sare au ya "vipimo", usitume chochote. Kuomba kazi serikalini ni bure, na mwajiri wa kweli hakuuzii nafasi.

Kwenye usaili, usiseme umechoka na watu. Msikilizaji atajiuliza utaishije na wenzako. Eleza unachokiweza: "Nilipokuwa dukani nilipewa pia kazi ya kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi, nikaona hapo ndipo ninapofanya vizuri." Kisha uliza bila woga: siku ya kawaida ya mtu wa nafasi hii ikoje? Akitajwa mteja mara tatu ndani ya jibu moja, umeshajua.

Masharti usiyaruke

Kazi nyingi za ndani zina zamu, na waajiri wengine hutegemea kwamba mtu mkimya hatauliza haki zake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, kisichozidi saa 9 kwa siku wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya kawaida. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, hivyo aliyeko huko aulize masharti ya huko.

Omba maelezo ya ajira kwa maandishi, hakikisha unachangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwenye viwanda ujue kuwa vifaa kinga vinatolewa na mwajiri. Ukiachishwa kwa njia isiyo halali, una siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na siku 60 kwa migogoro mingine ya kazi.

Mwisho, fikiria na miaka inayokuja. Fundi hodari hufanywa msimamizi, na mtunza stoo mzuri hufanywa mkuu wa bohari, ambaye hushinda kwenye vikao. Kabla ya kusaini mkataba, uliza kama mtu anaweza kupanda daraja kwa utaalamu wake bila kupewa watu wa kuwasimamia. Kama jibu ni hapana, bado unaweza kuichukua kazi hiyo, ila uichukue ukijua kwamba siku ya kupandishwa cheo utalazimika kuchagua upya.