Alikosa au Hukosa? Somo la Vitenzi Kutoka kwa Winga Bukayo Saka

Keti vizuri, na kama una kalamu iweke karibu, maana hili ni somo na mwishoni kuna maswali. Lakini usikunje uso! Ni somo la sarufi litakalopitia uwanjani, na mwenye kutupitisha huko ni winga wa timu ya Arsenal na ya taifa la Uingereza, Bukayo Saka.

Kwanza nikiri jambo. Wengi wenu mnanifahamu kwa jina nililobandikwa muhula wa pili mwaka jana: "Mkosaji". Mnajua lilikotoka. Ilikuwa fainali ya kaunti ndogo, tukatoka sare ya bao moja kwa moja, ikaja mikwaju ya penalti. Mimi, winga wa kulia, nikapewa mkwaju wa tano. Mpira ulipaa juu ya mwamba ukaenda kutua katika shamba la mahindi. Basi la shule lilirudi kimya kama gari la matanga.

Tangu siku hiyo, nikiingia bwaloni na sahani yangu, mtu angesema, "Mpisheni, huyu hukosa." Nikishindwa na swali la hesabu, "Mbona mnashangaa? Si huyu hukosa?" Mwishowe nikamrudishia mwalimu wa michezo jezi, nikamwambia eti goti linaniuma. Goti halikuwa na neno. Kilichouma ni kile kitenzi.

Jumatano moja katika mkutano wa Chama, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni sentensi tatu:

1. Amekosa penalti.
2. Alikosa penalti.
3. Hukosa penalti.

Akaniangalia mimi, si mwingine. "Haya kijana, tofauti ni nini?" Nikababaika. Akasema, "Nenda ukaniletee jibu, tena kwa mfano wa mtu aliye hai. Litatoka katika jarida." Basi jibu lenyewe ndilo hili.

KIJANA WA EALING

Bukayo Saka alizaliwa tarehe 5 Septemba 2001 katika mtaa wa Ealing, magharibi mwa jiji la London. Wazazi wake walihamia huko kutoka Nigeria, na Bukayo ni jina la Kiyoruba lenye maana ya kuongeza furaha. Alijiunga na chuo cha soka cha Arsenal kiitwacho Hale End akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Walimu wangu watapenda kusikia hili: kijana huyu hakuitupa shule kwa sababu ya boli. Alifanya mtihani wa GCSE, ambao wanafunzi wa kule huufanya wakiwa na umri wa miaka 16 hivi, akapita kwa alama za juu.

Mechi yake ya kwanza na wakubwa ilikuwa tarehe 29 Novemba 2018, katika Ligi ya Uropa dhidi ya Vorskla Poltava ya Ukraine. Alikuwa na miaka 17. Tarehe 1 Januari 2019 akaingia katika mechi na Fulham, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa mwaka wa 2001 kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 19 Septemba 2019 Arsenal ilipoichapa Eintracht Frankfurt mabao 3-0 huko Ujerumani, Saka alifunga moja na kuwaandalia wenzake mawili.

Msimu huo mabeki wa kushoto wa Arsenal waliumia, kijana akaambiwa arudi nyuma akacheze beki. Wengine wangenuna. Yeye alicheza. Mimi naona hapo alipata elimu kubwa, kwani aliyewahi kulinda boma hujua mwizi hupitia wapi. Aliporudi kuwa winga, alikuwa amekwisha kujua beki huogopa nini.

Na winga ni nani? Ni mchezaji wa pembeni. Hukimbia kando ya chaki, humpiga beki chenga, kisha humwaga krosi au huingia ndani apige mwenyewe. Saka hutumia mguu wa kushoto lakini amejulikana zaidi akicheza upande wa kulia. Hapo beki hubaki njia panda: akiziba ndani, amemwachia njia ya nje, akiziba nje, amemfungulia ule mguu wa kushoto.

Hebu tazama nilivyoandika: hukimbia, humpiga, humwaga, huingia. Hiyo ndiyo hu- ya mazoea. Hatuitumii kwa jambo lililotokea mara moja. Winga akimpita beki siku moja tu, hatusemi "humpita". Tunasema "alimpita". Hu- ni cheo, na cheo hupatikana kwa kurudiarudia. Shikilia hapo, tutarudi.

USIKU WA WEMBLEY

Kombe la Mataifa ya Ulaya la 2020 lilichezwa mwaka wa 2021 kwa sababu ya korona. Fainali ilikuwa tarehe 11 Julai 2021 uwanjani Wembley, Uingereza na Italia. Luke Shaw aliifungia Uingereza katika dakika ya 2, Leonardo Bonucci akasawazisha katika dakika ya 67. Saka aliingia katika dakika ya 70. Muda wa ziada ukaisha 1-1, ikawa ni penalti.

Kwa upande wa Uingereza, Harry Kane na Harry Maguire walifunga. Marcus Rashford aligonga mlingoti. Mkwaju wa Jadon Sancho ulipanguliwa na kipa Gianluigi Donnarumma. Ukabaki mkwaju wa tano, akatoka Saka. Miaka 19! Akapiga, Donnarumma akaruka upande wake wa kushoto, akaupangua. Italia ikashinda 3-2. Kocha Gareth Southgate alikuja akamkumbatia kijana akilia.

Hapa msomaji naomba tutumie kiambishi -ngali- kidogo. Watu wengi walisema, "Saka angalifunga, Uingereza ingalishinda." Si kweli hata kidogo! Fanya hesabu. Italia ilikuwa na 3, Uingereza ilikuwa na 2. Angalifunga, ingalikuwa 3-3, na mikwaju ingaliendelea. Tena wenzake wawili walikuwa wamekosa kabla yake. Kwa nini basi lawama ilimwangukia aliyepiga mwisho? Kwa sababu ndiye aliyeonekana mwisho. Mzigo ni wa wote, lakini anayeutua ndiye husikika kishindo.

Usiku huohuo Saka, Rashford na Sancho walimiminiwa matusi ya rangi ya ngozi mitandaoni. Sitayaandika hapa, jarida letu ni safi. Nitasema tu kwamba penalti tatu zilizopotea ziligeuzwa kuwa tabia ya watu weusi wote. Hiyo ndiyo kazi ya hu- ikitumiwa na mtu mwenye chuki: inachukua tendo la sekunde moja na kulifanya kuwa tabia ya mtu, kisha tabia ya kabila zima la watu.

JIBU LA MWALIMU

Sasa narudi ubaoni.

"Amekosa" ni -me-. Tendo limekwisha lakini athari yake bado ipo. Ukisema "amefika", yaani yupo hapa. Usiku ule pale Wembley ilikuwa sawa kusema "Saka amekosa". Machozi yalikuwa mashavuni.

"Alikosa" ni -li-. Tendo lilitokea likapita, tena lina siku yake. Ukisema "alikosa", unaweza kuulizwa "lini?", nawe ukajibu: tarehe 11 Julai 2021. Lina tarehe, kwa hiyo lina mwisho.

"Hukosa" ni hu-. Haina siku. Ukiulizwa "lini?", utasema "kila mara". Tena ajabu ya hu- ni kwamba haichukui hata kiambishi cha nafsi. Mimi hukosa, wewe hukosa, yeye hukosa, wao hukosa: yote ni neno lilelile. Mtu mwenyewe humezwa na tendo.

Lipo na jambo jingine katika mzizi wenyewe. Kwa Kiswahili, kutofunga penalti ni kukosa, na kutenda baya pia ni kosa. Aliyepiga nje na aliyeiba kuku wote wanaweza kuitwa wakosaji. Ndiyo maana lile jina langu lilinichoma. Lilinifanya nijione kana kwamba nimewakosea shule nzima, ilhali nilikuwa nimekosa goli.

MKWAJU ULIOFUATA

Kilichotokea baada ya Wembley ndicho kilichonifungua macho. Tarehe 8 Agosti 2021 Arsenal ilikwenda kucheza mechi ya kirafiki na Tottenham. Hawa ni mahasimu wakubwa, kama AFC Leopards na Gor Mahia. Lakini mashabiki wa Tottenham walimpigia Saka makofi, na bango la kupinga ubaguzi lenye jina lake likatundikwa. Waama, adui mwenye utu ni bora kuliko rafiki mwenye mdomo.

Msimu huo Saka alifunga mabao 11 ya ligi, mengi kuliko mwenzake yeyote wa Arsenal. Tarehe 20 Aprili 2022, katika mechi na Chelsea, Arsenal ilipata penalti mwishoni kabisa. Nani alishika mpira? Saka. Akafunga, ikawa 4-2. Siku tatu baadaye ikaja penalti nyingine dhidi ya Manchester United. Akashika mpira tena, akafunga tena, Arsenal ikashinda 3-1.

Katika Kombe la Dunia la Qatar, tarehe 21 Novemba 2022, aliifunga Iran mabao mawili. Tarehe 19 Juni 2023 aliifunga Macedonia Kaskazini matatu, na mwaka huohuo wachezaji wenzake wa kulipwa wakamchagua kuwa mchezaji bora chipukizi wa Uingereza. Halafu tarehe 6 Julai 2024, robo fainali ya Euro huko Düsseldorf, Ujerumani: Uswisi ikatangulia, Saka akasawazisha katika dakika ya 80 kwa mguu ule wa kushoto, na mambo yakafika tena kwenye penalti. Mkwaju wa tatu ulikuwa wake. Alifunga. Uingereza ikashinda 5-3.

Nilipofika hapo nilitaka kuweka kalamu chini niseme, "Mwalimu, jibu ni hili: Saka hakosi." Lakini nisingekuwa nimesema kweli. Tarehe 16 Aprili 2023 alipiga penalti nje katika mechi na West Ham, mchezo ukaisha 2-2. Na tarehe 16 Aprili 2025, miaka miwili kamili baadaye, akiwa ametoka kuuguza msuli wa paja uliofanyiwa upasuaji, alikosa tena, tena ugenini kwa Real Madrid! Aliuchota mpira polepole, kipa Thibaut Courtois akaudaka kwa mkono mmoja. Unajua alifanya nini? Katika dakika ya 65 alifunga bao. Arsenal ikashinda 2-1, jumla 5-1.

Basi mwenye kupinga atasema, "Si ndiyo hiyo? Mara tatu! Hukosa!" Nami nitamjibu: ndugu yangu, mtu hakosi penalti asiyoipiga. Mwenye kukaa kwenye benchi na goti lake la uongo hana penalti hata moja aliyokosa. Ukinilazimisha kumpa Saka hu-, sitampa "hukosa" wala "hakosi". Nitampa hii: Saka hupiga. Hiyo ameifanya mara kwa mara, mbele ya maelfu, hata baada ya kukosa. Hiyo ndiyo aliyoistahili.

HITIMISHO

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Nami naongeza: alikosa si hukosa.

Nilimpelekea mwalimu jibu hili. Alilisoma lote, akasahihisha makosa kumi na moja kwa wino mwekundu (alisema nilikosea, hakusema hukosea), kisha akaniuliza, "Na goti?" Nikacheka.

Wiki mbili baadaye tulicheza na Kidato cha Nne. Ilikuwa mechi ya madarasa tu, watazamaji kama thelathini. Tukapata penalti. Wenzangu wakaangaliana. Nikainua mkono. Kuna aliyepiga kelele kutoka pembeni, nanyi mnajua alisema nini. Nilipiga chini, upande wa kulia wa kipa. Aliugusa, ukamponyoka, ukaingia taratibu kama mgeni asiyebisha hodi. Halikuwa bao la kujivunia. Lakini ninaomba ndugu zangu wa bwaloni, kuanzia leo mkitaka kunitaja, tumieni wakati unaofaa.

MASWALI YA ZOEZI (yatajadiliwa katika mkutano wa Chama)

1. Eleza tofauti ya maana: (a) Juma amechelewa. (b) Juma alichelewa. (c) Juma huchelewa. Ipi inahitaji ushahidi zaidi, na kwa nini?

2. Tunga sentensi mbili kwa kutumia -ngali- kuhusu fainali ya tarehe 11 Julai 2021. Hakikisha hesabu yako ni sahihi.

3. Fikiria mwenzako mmoja shuleni ambaye umezoea kumsema kwa hu-. Andika upya sentensi yako kwa -li-, kisha uweke tarehe. Ukishindwa kuipata tarehe, mwombe msamaha.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu, winga wa kulia.